Lita za Ng'ombe Aliyekufa

Uliyechelewa, sogea nikudokeze, maana juma lililopita nilisema mengi na machache nikayameza.

Mimi ni Theopista wa Kibosho, mama Aika, karani wa kikundi cha maziwa. Miaka miwili iliyopita niliteremka Kahe kwa dada yangu, nikaaga kwamba naenda kumuuguza. Uongo mtupu. Dada alikuwa mzima kuliko mimi. Nilikuwa nimemkimbia mume wangu, Onesphory.

Hakunipiga, hakunitukana. Alininyamazia. Tangu tulipomzika mtoto wetu wa pili, kwa miezi minane mtu alikuwa anakula ndizi zangu, anafuta mdomo, anaondoka bila neno. Afadhali angenitukana, walau ningejua yupo.

Nikapanga nirudi siku moja tu, nimchukue Aika na ng'ombe wangu Desemba, niondoke moja kwa moja. Desemba alikuwa wangu wa halali. Mama yangu mzazi alinipa nilipojifungua Aika, mwezi ule ambao Wachagga wote wamepanda kutoka mijini kuja kula sikukuu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mwanamke mwenye ng'ombe wa maziwa ana pa kuanzia popote. Mpango ule nilimwambia mtu mmoja peke yake, mama.

Siku moja kabla ya safari, Onesphory akanipigia simu. Alisema Desemba amekufa kwa ndigana, ile homa ya kupe, na bwana mifugo amekataza nyama yake isiliwe kwa sababu ya dawa alizochomwa. Wamemzika kihambani, shambani kwetu pale nyumbani, nyuma ya migomba.

Nikarudi kulia, nikabaki. Begi nililokwenda nalo Kahe sikulifungua tena. Lilikaa chini ya kitanda, na nilidhani ni siri yangu.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikiliza ya juma hili.

Jumatatu, Mama Goodness, mwenyekiti wetu, aliniletea kazi. Bwana mifugo amepata mbegu ya dume la ng'ombe wa maziwa mengi, lakini inatosha ng'ombe kumi tu. Wanachama wetu nawajua, wanaweza kutoana macho mbele ya altare kwa ajili ya ndama jike. Kwa hiyo wakakubaliana kwamba kompyuta ndiyo itakayoamua. Tangu Januari, kila ng'ombe ametoa wastani wa lita ngapi kwa siku aliyokamuliwa? Kumi wa juu ndio watakaopata. Orodha iwe mezani Ijumaa.

"Na usiniletee orodha ya mashoga zako," akaniambia. "Nitaipitia mwenyewe, namba kwa namba."

Nikacheka, lakini nilijua hatanii.

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayeijua. Jedwali letu lina maelfu ya mistari, na kila mstari una tarehe, jina la aliyeleta maziwa, namba ya hereni ya ng'ombe, na lita. Ipo fomula inayojumlisha kwa sharti. Unaitajia namba ya hereni, nayo inapita mistari yote kuanzia juu hadi chini, inaokota lita za ng'ombe huyo tu, wengine inawapita kama haiwafahamu. Mbele ya kila ng'ombe wangu arobaini na mmoja nikaweka fomula hiyo, na lita zikajipanga.

Mimi nina ugonjwa mmoja, siamini jumla yoyote hadi niipime kwa nyingine. Nikajumlisha lita za ng'ombe wote arobaini na mmoja, nikapata 82,722. Nikajumlisha maziwa yote yaliyopokelewa bila sharti lolote, nikapata 84,630.

Nikarudia. Ikaja vile vile.

Lita 1,908 zilikuwa zimenywewa, zimechemshwa, zimegandishwa mtindi, na hazina ng'ombe. Maziwa hayadondoki kutoka Kibo. Kila lita ina kiwele chake.

Nikamshuku Amon moja kwa moja. Amon ndiye mpokeaji wa kituo cha juu, ananiletea daftari kila Jumamosi nami naingiza kwenye kompyuta. Siku nyingi nilikuwa sipendi buti zake mpya. Nikasema, haya, serikalini kuna wafanyakazi hewa, na sisi tumepata ng'ombe hewa. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Mama Goodness.

Kabla sijamchongea mtoto wa watu, nikaigeuza kazi. Badala ya kuuliza kila ng'ombe ametoa nini, nikauliza ni mistari ipi ina hereni ambayo haimo katika orodha yangu.

Ikatoka mistari mia mbili na kumi na miwili. Yote ilikuwa ya kituo cha juu, kuanzia Machi. Aliyeleta ni mmoja, Kornelia. Hereni ni moja, 0417.

Amon, popote ulipo, nisamehe.

Namba 0417 niliifuta mimi kwenye orodha, kwa mkono wangu, nikilia. Ilikuwa hereni ya Desemba.

Mtaniuliza, wewe karani gani, umeandika namba ya marehemu wako mara mia mbili na kumi na mbili usishtuke? Ndiyo, niliandika. Vidole vilikuwa kwenye kompyuta, kichwa kilikuwa jikoni. Hiyo ni aibu yangu na nimekuja kuisema.

Huyo Kornelia sikuwahi kumwona. Alijiunga Machi, anapeleka maziwa kituo cha juu, na kwangu alikuwa jina tu kwenye jedwali. Lakini nikiwa pale mbele ya kompyuta nilimwona vizuri sana. Alikuwa na miaka kama thelathini, kitenge kimembana, na kicheko cha kuvuta maneno.

Maana kwetu ipo desturi ya kumwekea mtu ng'ombe. Hufungi mali yako yote katika zizi moja. Unampa mtu wa mbali kidogo akulelee. Maziwa na samadi ni vyake, ndama ni wako. Inafanyika kimya, mbele ya shahidi mmoja, ili majirani wasijue una kiasi gani. Ni desturi nzuri. Pia ni kichaka kizuri cha mume mwenye nyumba ya pili.

Nikakumbuka mambo. Mchagga kazika ng'ombe mzima, na hakuna aliyeuliza kidari chake kiko wapi? Shangazi zake Onesphory, ambao kwa mguu wa mbuzi tu wanaweza kuitisha kikao cha ukoo, walikaa kimya. Na kila Jumamosi mume wangu hujitwika mzigo wa majani akapandisha nao, eti wa mbuzi wa mama yake. Mbuzi wale walikwisha Pasaka. Mmoja nilimkaanga mwenyewe.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya mawingu miaka miwili nikianika nguo.

Jumanne jioni nikamtegea mezani.

"Baba Aika, Desemba alizikwa na hereni yake?"

Akaacha kutafuna. Siku hizi Onesphory huongea, lazima niwe mkweli. Tangu nirudi kutoka Kahe huongea, hunisaidia kukata majani, hata kuuliza nimelalaje. Nilikuwa najiambia kifo cha ng'ombe kilimlainisha. Jumanne ile nikaanza kuushuku hata ule wema.

"Alizikwa nayo," akasema. "Kwa nini unamfukua marehemu?"

"Kikundi kinahakiki namba."

"Za walio hai, nadhani."

Akaendelea kula, lakini hakumaliza sahani. Mimi nikaimalizia kwa hasira.

Jumatano akaenda Sanya Juu kununua mabua ya kulishia. Gari lilipopinda tu kona, nikachukua jembe. Juu ya kaburi la Desemba palikuwa na isale, ule mmea wetu wa heshima na msamaha, ambalo mama yangu mwenyewe alilipanda siku tuliyolia pale tumeshikana mikono. Nikalichimbua taratibu nikaliweka pembeni, maana isale halitupwi ovyo, hata kama umekasirika.

Nikachimba hadi magotini, kisha hadi kiunoni. Niliyoyapata ni vigogo vya migomba vilivyooza, mawe ya mto, na kiatu kimoja cha mpira kisicho na mwenzake. Hapakuwa na mfupa wala pembe.

Nilikuwa nimeliombea rozari shimo la vigogo.

Nikakaa pembezoni mwa shimo nikacheka peke yangu kama mwehu, halafu nikalia. Nikafukia, nikarudisha isale mahali pake, nikanawa miguu kabla Aika hajatoka shule.

Alhamisi asubuhi nikapandisha kwa Kornelia. Nilivaa vizuri. Msinicheke, mwanamke haendi kumkuta mwizi wake akiwa na kandambili. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyoanza. Nimshike ukosi kwanza, au niombe maji ya kunywa kwanza? Nikaamua nijifanye nimekuja kikazi, nihakiki hereni, kisha mengine yafuate.

Nikabisha hodi. Aliyetoka alikuwa bibi wa miaka themanini, mgongo umepinda, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, ameshika mundu wa kukatia majani.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta Kornelia."

"Marahaba. Umempata."

Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nilikuwa nimevalia sketi ya Pasaka kwa ajili ya bibi kizee.

Nikamweleza kwamba natoka kikundini, nataka kuona hereni ya ng'ombe wake. Akaniuliza kama kuna kosa. Nikamwambia hapana, ni hesabu tu. Akanitangulia kwenda bandani akisema ng'ombe huyu ni neema, alizaa Februari, na tangu Machi hajamkosesha sukari. Ng'ombe si wake, akaniambia bila kuulizwa. Amewekewa.

"Na nani?"

"Hilo haliulizwi, mwanangu. Mlezi anakunywa maziwa, hamtangazi mwenye ng'ombe."

Nikafungua mdomo kubishana. Ile sauti yangu ilipopanda tu, ndani ya banda kitu kikaguna, kikasimama, kikagonga ubao kwa kichwa.

Alikuwa ameongezeka mwili. Alama nyeupe ya kwenye paji ilikuwa pale pale, na sikio la kushoto, ambalo lilichanwa na waya tulipokuwa tunamhamisha, lilikuwa na hereni ya njano. Akanyoosha shingo akaanza kunilamba kiganja, kama alivyozoea kutafuta chumvi. Kando yake alilala ndama jike.

Jamani, nilimkumbatia yule mnyama shingoni nikasahau nilichofuata.

Kornelia alinitazama kwa lile jicho lake moja, akaegemeza mundu.

"Tangu aletwe hajamwitikia mtu hivi," akasema. "Basi wewe ndiye binti."

"Binti wa nani?"

Akaugeukia mundu wake. Nikamwambia mimi ni Theopista, huyu ni ng'ombe wangu, na mume wangu ameniibia. Nikamwambia namjua mtu anayeleta majani kila Jumamosi.

"Yule anayeleta majani ni shahidi tu," akasema. "Onesphory alishika kamba. Aliyenikabidhi ng'ombe ni Avelina."

Avelina ni mama yangu.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani, na sketi yangu ya Pasaka.

Kornelia akaona nimeshajua, akaniambia yote. Mama alikuja analia. Alisema binti yake anataka kuvunja nyumba juu ya kaburi la mtoto, na akimpata huyu ng'ombe hatarudi nyuma. Alimwambia Onesphory kila kitu nilichomwambia kwenye simu, siku ile ile. Shimo walilichimba wawili. Shangazi walinyamazishwa kwa mbuzi.

"Avelina alisema, 'Akikosa ng'ombe, atakosa miguu ya kuondokea,'" akaniambia. "Nikamuuliza, je, akibaki kwa kukosa miguu, huko ndiko kubaki? Hakunijibu. Ila ng'ombe nilimpokea. Nilikuwa sina maziwa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilishuku buti za Amon, nikamshuku bibi wa watu, nikamshuku mume. Yule aliyenishika mkono kaburini na kuniambia ng'ombe amekufa, mwanangu, wewe hujafa, huyo sikuwahi kumwekea hata alama ya kuuliza.

Kumbe Onesphory alijua. Wakati napanda kutoka Kahe na begi langu, alijua nilikuwa nimemwacha. Miaka miwili amelala kando ya mwanamke huku akijua kwamba alitaka kumkimbia, akanikatia majani, akaniuliza nimelalaje, asitamke neno.

Nilirudi nyumbani saa tisa. Sikumpigia mama. Niliogopa nitakachomwambia, maana maneno ya kumtukana mzazi hayafutiki kama namba.

Nikafungua kompyuta. Orodha ilitakiwa kesho yake. Nikamrudisha 0417 mahali pake, fomula ikapita mistari yote, ikaokota: 1,908. Jumla mbili zikalingana. Na kwa wastani wa lita kwa siku, Desemba alikuwa wa tatu katika kikundi kizima. Mbegu ni yake.

Nikiri na hili. Kwa dakika chache nilitaka kuzigawa zile lita kwa ng'ombe wengine, kidogo huku, kidogo kule, jumla ilingane na mtu asijue. Niliibadilisha mistari sita kwa kweli. Ningemzika Desemba mara ya pili, nami nikiwa ndiye mchimbaji. Nikaona naanza kufanana na mama, nikairudisha.

Kilichobaki kilikuwa kisanduku kimoja. Kwenye orodha ya Mama Goodness, mbele ya kila hereni inaandikwa jina la mwenye ng'ombe, na kesho litasomwa kikaoni mbele ya watu wote. Nikiandika Theopista, Kibosho nzima itajua kaburi la nyuma ya migomba lilikuwa la vigogo. Nikiandika Avelina, nimekubali kuibiwa. Nikakaa nikitazama kile kialama cha kuandikia kinavyowaka na kuzima.

Sikumsikia Onesphory akiingia. Nilisikia pumzi yake begani.

Alitazama namba ile. Kisha akatazama kucha zangu, ambazo bado zilikuwa na udongo wa kaburi.

"Isale umelirudisha limegeukia upande mwingine," akasema. "Niliona jana."

Sikujibu. Safari hii kunyamaza kulikuwa kwangu.

"Andika jina lako," akasema. "Ni wako, na ndama ni wako. Kesho nikiaibika, niaibike."

Nikaandika. Nikakosea, nikafuta, nikaandika tena: Theopista.

"Sasa miguu unayo," akasema. "Kwa hiyo nakuuliza nilichokuwa naogopa kuuliza miaka miwili, Mama Aika. Unaondoka, au unabaki?"

Nilitaka kumwambia nabaki. Nilitaka kumwambia naondoka. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikuwa na fomula ya kuyatenga.

Hakusubiri. Akaingia chumbani, nikamsikia akipiga magoti, akivuta kitu sakafuni. Akatoka na begi langu la Kahe.

Begi lile nililifunga mwenyewe. Lilikuwa na vitenge viwili, sweta na vyeti vyangu vya shule, kitu cha kubebwa kwa kidole. Onesphory alilibeba kwa mikono miwili, na alipoliweka mezani kando ya kompyuta, meza ililia; kumbe alikuwa ameongeza kitu ndani nisijue.

"Lifungue," akasema, "kabla hujanijibu."